Kihamba

Nauza karatasi, wino na subira.
Stesheneri yangu iko Moshi, nyuma ya soko la Mbuyuni,
mlango wa bluu, bango la fundi aliyekunywa kabla ya kazi:
TUNACHAPA TUNATOA KOPI TUNATAFSRI.
Ile I iliyopotea sijaitafuta. Wateja wananielewa.

Mashine ililetwa na mwanangu Anaeli, likizo ya Desemba.
"Mama, hii inasahihisha yenyewe."
Nikauliza, inasahihisha kwa kumsikiliza nani?
Akacheka, akaniwekea bando, akarudi Dar.

Ikataka nywila. Nikaipa jina la ng'ombe wa baba.
Ikasema nywila hiyo ni dhaifu.
Haijawahi kupigwa teke na yule ng'ombe.

Tangu hapo nabishana na kioo.
Nikiandika mbege, yenyewe inaandika mbegu.
Nikiandika Kiboriloni, inapiga mstari mwekundu,
kana kwamba mitumba tuliyovaa tuliinunua ndotoni.
Nilimtumia mzazi wa siku tatu ujumbe: mtori uko njiani.
Ukamfikia: mtoro uko njiani.
Akafunga mlango kwa komeo.

Na baba yangu, Ndekirwa,
amelala chini ya migomba mwaka wa kumi na tisa huu,
leo ndiyo anaambiwa jina lake ni kosa la tahajia.

Basi akaja Mzee Elinikira wa Machame,
koti la harusi, kikohozi, wosia wa kurasa mbili
kwa mwandiko uliolala kama mahindi baada ya mvua ya mawe.
Foleni ilikuwa mpaka nje, wanafunzi na vyeti vyao,
umeme unakonyeza.
Nilichapa. Sikurudia kusoma. Kopi tatu, elfu mbili.

Hakutaka usomwe akishakufa;
alitaka azione sura zao.
Jumamosi, mbele ya ukoo mzima, kitinda mimba akasimama akasoma:
"Nawaachia wanangu watatu kahaba changu,
wakitunze kama nilivyokitunza mimi,
na baba yangu kabla yangu."

Hata ngeli mashine haikujali.

Wanasema kimya kilikaa mpaka chai ikaota utando.
Kisha Bibi Foibe, miaka hamsini na mmoja ya ndoa,
akaweka kikombe chini taratibu, akauliza:
"Anaitwa nani?"

Jumatatu saa mbili mzee alikuwa mlangoni.
Nilikwisha andaa pole zangu, na elfu mbili yake mkononi.
Akakaa kwenye kreti la soda. Akakohoa. Kumbe anacheka.
"Usirekebishe kwanza," akasema, "ngoja nifikiri.
Wanangu wote watatu wanamtaka,
lakini usiku, kwa simu, kwa kunong'ona:
Baba, lile eneo, hati iko wapi, bei ya sasa ni ngapi.
Mchana, kwenye kupalilia, kwenye kukata majani ya mbuzi,
hakuna anayemfahamu."
Akaufuta uso kwa ile kopi.
"Haya, andika kihamba. Foibe anajua kusoma."

Nikaandika kihamba. Ikabadilisha.
Nikaandika tena. Ikabadilisha.
Mara ya tatu ikaniuliza kama ningependa
kuliongeza neno hilo kwenye kamusi,
kwa sauti ile ya karani anayemdai bibi kizee cheti cha kuzaliwa.
Nikabonyeza ndiyo. Nikabonyeza kwa nguvu,
kama mtu anayeua mbu.

Jana Anaeli kaniandikia.
Salamu, hali ya hewa, presha yangu.
Halafu: "Mama, ile ploti ya huko juu, tumefikia wapi?"

Kihamba hakukiandika.
Nimeusoma ujumbe mara nne,
miwani ikiwa puani, miwani ikiwa mezani,
na sijajua hadi sasa
kama ni simu iliyomsahihisha.