Msumari wa Katungu

Ni msumari wa inchi nne, umepinda shingo.
Aliung'oa kwenye ubao mmoja uliosalia
wa nyumba yetu ya kwanza, ile iliyobaki
chini ya jiwe tunalokanyaga tukienda kuchota maji.

Hapo, juu ya mlango, aliutundika mfuko:
gunia la unga lililokatwa katikati
likashonewa mikanda ya chandarua kikuukuu.
Ndani, alinionyesha kimoja kimoja:
kadi za kliniki, karatasi ya kiwanja ndani ya nailoni,
tochi, kiberiti, chumvi, robo ya sukari,
vitambaa vya kufunga pua majivu yakishuka,
na faranga ambazo sikuambiwa ni ngapi.

Mimi ni mtu wa chukudu.
Nashusha viazi na makaa kutoka Kibumba hadi Goma,
na mlima huu nimeuona ukiwaka usiku
kama jiko la jirani asiyelala.
Nikacheka. Katungu, moto ukija umekuja,
huo mfuko utaubeba moto?
Hakujibu. Alikuwa anakaza fundo.

Basi nikawa mwizi nyumbani kwangu.
Kwanza kiberiti, kwa ajili ya sigara moja.
Kisha betri za tochi: ilikuwa siku ya mpira
na redio ilizimika kabla ya penalti.
Sukari, alikuja mgeni.
Zile faranga zililipa ada ya Kakule,
na kidogo kilichobaki hakikulipa ada ya Kakule.
Kila nilipotoa, nilitia kipande cha lava
ili mfuko usining'inie mwepesi.
Lava ina matundu kama mkate. Nikaongeza la pili.
Nikaongeza la tatu.

Jumanne ile ardhi ilianza mchana.
Kavugho alihesabu kwa punje za mahindi:
kumi na moja, na giza lilikuwa bado.
Vikombe vikasemezana kabatini.
Saa tatu usiku Katungu akasimama. Tunatoka.
Kakule, bidoni. Kavugho, sufuria na mkono wa bibi.
Wewe, blanketi na chukudu.
Mbusa, mfuko.
Na tusikate bondeni, pale mbuzi wa Bauma
alipolala akiwa bado na majani mdomoni.
Mazuku ya pale hunifika mimi kiunoni.
Mbusa yanamfunika kichwa.

Tulihesabiana barabarani, Munigi nzima ikipita
na magodoro na kuku na cherehani.
Tulipungua mmoja.
Katungu alirudi mbio, nami nyuma yake,
tukamkuta gizani chini ya msumari
anaruka, anaruka, vidole vinakosa mkanda,
anahema, halii.
Ameambiwa alete mfuko.

Kwenye uwanja wa shule ya Kayembe ndipo alipoufungua.
Nilijifanya nafunga gurudumu.
Akatoa jiwe. Akatoa jiwe. Akaingiza mkono hadi kwapani,
akatoa jiwe.
Bibi alikohoa. Watoto waliniangalia mimi, si mawe.
Akayapanga matatu, akaomba kaa la moto kwa majirani,
akateleka uji usio na sukari.
Asante kwa mafiga, baba Kakule, alisema,
na hadi alfajiri hakusema lingine.

Mlima haukuja. Ulinguruma tu, ukageuka upande.
Asubuhi tulirudi, mlango ulikuwa wazi kama tulivyouacha.
Kabla ya kufagia, kabla ya kuketi,
Katungu aliung'oa ule msumari,
akamsimamisha Mbusa ukutani, wima, visigino vimegusa mbao,
akaugongelea kwa jiwe usawa wa bega lake.

Jumamosi nilipita soko la Virunga.
Kiberiti, betri mbili, robo ya sukari.
Faranga, zilizokuwepo.
Nyumbani hapakuwa na mtu.
Nikataka kuvitia haraka nitoke,
lakini ule mfuko sasa uko chini kiasi
kwamba mtu mzima, ili aufungue,
lazima kwanza apige goti.