Alama Ishirini

Swali la tatu, alama ishirini:
Eleza umuhimu wa ratiba ya kutunza na kuteketeza kumbukumbu.
Ukumbi kimya, isipokuwa viatu vya msimamizi
na mvua ya Kakamega, isiyojua kuchelewa ikifika saa tisa,
inayopekua mabati kama karani aliyepoteza faili.

Jibu nalijua. Nimelikariri tangu mwaka wa pili,
Daktari Shitsama alipotufundisha
kwamba kumbukumbu nazo huzaliwa, hufanya kazi, huzeeka,
na kwamba ghala lisilojua kusahau
mwishowe halikumbuki kitu.
Tulicheka. Mimi nilipigia mstari.

Nyumbani Shinyalu waliuliza: unasomea nini hasa?
Nikisema usimamizi wa habari,
baba mdogo hujibu, basi tutakusikia redioni saa moja.
Kukhu, mama wa baba, hakuuliza.
Alivuta kopo la mafuta ya kupikia kutoka uvunguni:
risiti za miwa isiyolipwa, kadi za kliniki,
kila rundo na uzi wake,
mwekundu wa madeni, mweupe wa waliozaliwa,
mweusi
huo hakuufungua.
"Haya," akasema, "nifundishe nisichojua."

Kisha Mei, mafunzo ya nyanjani, hospitalini.
Chumba cha kumbukumbu kiko nyuma ya dobi,
rafu za chuma, harufu ya sabuni na popo.
Siku kumi na moja nilipanga masanduku kwa miaka
na kuyapiga muhuri niliokabidhiwa: TEKETEZA.
Mpini wa mbao, umelainishwa na viganja vya wengine.
Tisini na sita, pa.
Tisini na saba, pa.
Bi. Imbuhila alinisifu nina mkono mwepesi.

Jumanne akaja mtu, kofia mkononi. Lichungu.
Anataka faili la mtoto, Septemba ya tisini na saba.
Si kesi, akasema, wala sidai fidia.
Aliishi siku nne.
Mama yake naye tumemzika Machi hii,
na pale kaburini, koleo mkononi, nikagundua
sijui mtoto alikuwa na uzito gani.
Mama yake ndiye aliyejua.
Alikuwa akiitaja ile namba usiku,
nami nikijifanya nimelala.

Nilitafuta. Niseme kweli: nilitafuta huku nikijua.
Nilipanda ngazi, nikashuka, nikajipaka vumbi makusudi
ili vumbi linitetee.
Daftari la faharasa lilikuwa na mstari mmoja,
"Mtoto wa Lichungu, wa kike",
namba ya faili, namba ya sanduku,
na herufi T kwa wino wa kijani.
Mwandiko wangu.
Moshi wa Ijumaa ulikuwa bado umekaa mapaziani.

Nikamwandikia namba ya faili kwenye kikaratasi.
Haifungui chochote, nikamweleza,
ni kama anwani ya nyumba iliyokwisha bomolewa.
"Tarakimu ngapi?"
"Sita."
"Sita," akasema, akikipimapima kiganjani,
akakikunja mara nne, akakitia ndani ya kofia,
akavaa kofia.
Hakunilaumu. Alinishukuru, na alimaanisha,
nami nikabaki na muhuri
nisijue pa kuuweka.

"Dakika arobaini," anatangaza msimamizi.
Naandika: Kwanza, huokoa nafasi.
Pili, hupunguza gharama.
Tatu, hulinda siri za wagonjwa.
Yote ni kweli. Natoa mifano, nataja sheria,
nitapata kumi na saba, labda kumi na nane.

Mvua imehamia upande wa msitu.
Pembeni mwa karatasi, nje ya mstari mwekundu,
pale panaposemwa mtahiniwa asiandike chochote,
naandika tarakimu sita.