Kabla Hujavuka

Ukishuka Bahi usiulize njia pale stesheni.
Watakuonyesha tatu, na zote ni za kweli,
ila mbili zimelala chini ya maji tangu mwezi wa kwanza.
Mtafute Ndahani, fundi baiskeli.
Ana mti kauchimbia ukingoni, kauchanja kwa msumeno:
maji yakiwa chini ya chanjo la pili, nenda kwa miguu;
yakilipita, lipia mtumbwi;
yakigusa la nne, kanywe chai, urudi kesho.
Usibishane naye. Mwaka juzi alibishana bwana mmoja wa mjini.
Mwenyewe walimuopoa jioni ile ile.
Viatu vyake vilionekana mwezi wa saba,
kimoja kina kambale ndani.

Beba noti ndogo. Mpiga kasia hana chenji,
na akiwa nayo, hana.

Abasia haijitokezi upesi.
Utauona mnara kwanza, hauna kengele,
halafu kuta, rangi ya ndama aliyenyeshewa,
halafu mbuzi watano juu ya ngazi za kanisa
wanakutazama kama umechelewa misa.
Wao walipanda kiangazi, maji yakawafungia.
Kisiwa hiki ni cha miezi minne.
Mwaka uliobaki ni kilima tu, na vumbi,
na sisi tuliokulia huku hatukujua
kwamba kilima kinaweza kutozwa kiingilio.

Fika kabla ya saa nne.
Baada ya hapo wanakuja watoto wa shule, mtumbwi kwa mtumbwi,
na upepo, ambao nao haukufunzwa adabu.
Kofia ifunge kidevuni.

Mlangoni utamkuta Bruda Gaudensi na daftari lake.
Mwambie *mbukwenyi*, hata ulimi ukiteleza.
Ada ya picha haitapungua,
lakini huenda akakufungulia chumba walichokamulia zabibu.
Sakafu bado ina wekundu. Ingia peku, ni baridi,
utajua ubaridi ambao Dodoma nzima hauupati Oktoba.

Njaa ikikushika, nyuma ya kisima yuko Mama Chilewa.
Mwachie muda. Ugali wa uwele hautaki kuhimizwa,
na mlenda wake ukiuvuta
unafika Manyoni kabla haujakatika.
Choo kipo. Karatasi njoo nayo.

Sasa hili, kabla sijasahau.
Penye lango pana bango: majina ya mapadre sita
*walioijenga nyumba hii kwa mikono yao*.
Lisome, ni haki yao, walisimama juani pia.
Kisha ingia, shika ukuta wa kushoto,
hesabu matofali kutoka sakafuni mpaka la tisa.
Pana kishimo. Tia kidole gumba.
Kitapwaya.
Baba alikuwa na mikono mikubwa,
na siku hiyo tofali lilikuwa bichi,
na padre alikuwa ameangalia pembeni.

Mimi magoti yamenikatalia, mwaka wa kumi na moja huu.
Usilipige picha.
Liguse, hesabu mpaka kumi, utoke,
uwape mbuzi chumvi kidogo kama unayo.

Mtumbwi wa mwisho ni saa kumi.
Wakikuambia saa kumi,
wewe simama majini saa tisa.