Hatua, Maji Yakiridhi

Hema tuliazima kwa sheha. Lilitumika sensa,
bado lina namba ya eneo kwa wino mwekundu
na harufu ya soksi za makarani, mimi mmoja wao.

Ngwali alitushusha magoti majini,
akatua madumu mawili ya maji juu ya jiwe,
akasema, "Kesho kutwa, alasiri,"
akageuza mashine kabla hatujamjibu.
Kule Wete minara ikawa vijiti, kisha ikawa ukungu.
Tukabaki watatu: mimi, dada yangu Riziki,
na Faki wake wa miaka kumi na mmoja
aliyeuliza papo hapo,
"Sasa choo kiko wapi?"

Kichanjaani hakina udongo. Ni mwamba
wenye meno, unatafuna kandambili.
Kigingi tulikipiga kikapinda,
tukapiga chengine kikarukia baharini.
Mwisho kamba moja mkadini, moja kwenye mzizi wa mkandaa,
na ya tatu Riziki akaifunga kwenye ndoo ya mawe.
"Nyumba ya kupanga," akasema.
"Mwenye nyumba upepo."

Mimi nilikuja kuhesabu. Ndiyo kazi niijuayo:
kaya, vyumba, kuku, waliolala humu usiku wa kuamkia.
Hapa hapana kaya. Nikasema basi, nakihesabu kisiwa.
Asubuhi, bamvua limetoka, nikazunguka na daftari:
hatua elfu moja mia moja na arubaini.
Alasiri nikarudia, maji yamepanda:
mia saba na tatu,
na mara mbili nilining'inia tawini nisichukuliwe.

Niandike ipi?

Upande wa kusi, chini ya mtomondo,
palikuwa na mafiga matatu.
Na sisi tulijidhania wa mwanzo!
Faki alikwisha kipa kisiwa jina lake.
Riziki akachutama, akalitia jivu kidole.
"Limelala siku nyingi," akasema,
kwa sauti ile anayosemea watoto waliolala.
Chini ya figa la kati, ndani ya mfuko wa nailoni,
kiberiti. Njiti tano.
Vyetu vilikwisha rowa tangu kwenye faiba.

Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo.
Ya pili ikapika wali, na pweza
ambaye Riziki alimchokoa jiweni kwa chuma cha hema
huku akimwomba radhi.

Usiku mvua ilikuja bila hodi.
Hema likajaa tumbo, likapumua, likakohoa.
Kaa wa nazi aliuburuta upawa wetu
kwo, kwo, kwo, juu ya mawe,
mpaka Faki akacheka kilio kikamtoka puani.
Kisha simu, iliyokufa tangu jana,
ikawaka yenyewe mfukoni: *Karibu Kenya.*
"Mama," akanong'ona, "tumehama bila pasi!"
Tukalala tumebanana, wageni wa nchi mbili,
miguu kwenye maji, ndoo ya mawe ikitulinda.

Kulipokucha nilitoka peke yangu.
Popo walikuwa wanarudi, wamechoka, kimya,
na mchanga haukuwa na unyayo hata mmoja,
hata wangu.
Sijui kwa nini nilivua viatu.

Viberiti vyetu vilikauka juani mpaka saa sita.
Tukachagua njiti kumi na moja zenye vichwa vizima,
tukazitia pamoja na tatu zilizobaki,
tukafunga nailoni, tukarudisha figa.
Faki alitaka kuandika jina lake kwa mkaa.
Riziki hakumkataza. Alimwangalia tu.
Mtoto akautupa mkaa.

Ngwali alichelewa saa nzima, akasingizia petroli.
Ndani ya faiba, daftari juu ya goti, nikaandika:
Kichanjaani. Kaya: hakuna. Mafiga: matatu.
Njiti: kumi na nne.
Mzunguko: hatua 1,140, maji yakiridhi.

Upawa hatukuuona tena.