Mpangaji wa Nne

Ujumbe umeingia saa kumi na mbili asubuhi, chai haijachemka:
uniti ishirini na nane.
Mwezi uliopita kumi na saba.
Nimekaa kitako juu ya ndoo
nikaanza kugombana na simu.

Unaijua uniti moja?
Ni madumu hamsini, yale ya lita ishirini.
Yapange uani uone yatakavyofika
mpaka mlango wa choo.
Mama yangu kule Mvumi alifukua mchanga wa korongo,
akachota kwa kibuyu, akangoja, akachota tena.
Bili yake ilikuwa shingo,
na haikushuka hata mwezi mmoja.

Hapa Nkuhungu tuko wapangaji watatu, mita moja,
daftari nashika mimi:
Sechelela, watoto wanne, nepi za kitambaa;
Lameki, fundi wa kuchomelea, yuko peke yake
ila huoga kama bwana harusi;
mimi na cherehani yangu isiyokunywa maji.
Tumewahi kugawa kwa vichwa, tukagawa kwa ndoo,
tukagawa kwa kununiana.

Nikaenda ofisini. Foleni.
Dada wa dirishani, beji imeandikwa Nyemo,
akanieleza bila kunitazama, kisha akanitazama.
Bei mpya ilianza Julai.
Maji ya Mzakwe hayaji kwa miguu, mama,
yanasukumwa na umeme,
na umeme nao una bili yake.
Mji umekua, mabomba yanakimbizana na nyumba.
"Mlitangaziwa. Mkaitwa ukumbini mtoe maoni."
Kweli tuliitwa.
Siku ile nilikuwa na sare za shule kumi na mbili za kushona.
Walionyosha mikono watu tisa,
wakatusemea mji mzima.

"Tena bei imepanda kidogo tu," akaongeza,
akibonyeza kikokotoo kwa ukucha.
"Kilichopanda ni matumizi yenu."

Yetu?
Usiku nikafunga koki zote,
nikawakataza watoto wa Sechelela hata kunawa,
nikachutama na tochi mbele ya mita.
Kigurudumu chekundu kilikuwa kinatembea,
taratibu, bila aibu,
kama panya anayejua paka kasafiri.

Kulipopambazuka Lameki akalifuata bomba kwa sururu
hadi kwenye uzio, hadi kwenye mzabibu wa mwenye nyumba,
ule ule tuliousifu Oktoba nzima
kwa kubaki kijani, Dodoma yote vumbi.
Chini yake bomba lina ufa
mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga,
na mizizi imelikumbatia.

Mwenye nyumba amekuja.
Ametazama shimo, ametazama majani.
Hakusema atalipa.
Amesema zabibu zikiiva Machi tutagawana.

Nimefungua daftari.
Chini ya jina la Lameki nimeongeza mstari:
Mzabibu, uniti kumi na moja.
Na kwenye safu ya saini
nimebandika jani.