Saumu Dukani kwa Zabek

Foleni imetoka mlangoni, imekunja kona
hadi kwa fundi viatu,
na theluji ya juzi, nyeusi kama masizi,
inayeyukia ndani ya buti langu la kushoto.
Nimetoka zamu ya usiku. Nimegeuza wazee kumi na wawili,
ubavu huu, ubavu ule,
na wote, hata yule asiyekumbuka wanawe,
huniambia: Hujala kwa Zabek? Basi Worcester hujafika.

Nikang'oa karatasi. Hamsini na saba.
Wanahudumia thelathini na tisa.
Ubaoni, kwa chaki, majina ya watu matupu:
Mkate wa Stanley, Mkate wa Padri,
Mkate wa Mjane wa Ghorofa ya Tatu.
Nani wa kunihakikishia kuwa Padri hana nguruwe?

Zamu yangu ikawa mahojiano ya uhamiaji.
Moto au baridi? Jibini ipi? Haradali?
Mkate wa rai?
Rai! Miaka minne katika nchi hii
ndiyo mara ya kwanza naulizwa rai.
Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo,
na ndiyo zangu zote zikanichuruzika
kutoka kiganjani hadi kiwikoni.

Jumamosi ya pili nilijikaza.
Ng'ombe, nikasema. Wa chumvi. Moto.
Mzee akakata vipande vyembamba,
ungesomea gazeti kupitia kwavyo,
akarundika kimo cha ngumi,
akafunga kwa karatasi ya nta, akapasua kati.
Nilikula kwenye ngazi za benki iliyofungwa.
Sitadanganya: chumvi ilizidi,
na ukingo wa mkate ulikuwa mgumu kama ahadi ya mwenye nyumba wangu.
Lakini lile tango la siki!
Kwaruu menoni, likaniamsha
nilikokuwa nimelala na macho wazi.

Ya tatu akaniuliza jina, kalamu sikioni.
Saumu.
Lina maana?
Nyuma yangu watu ishirini wanapumua njaa.
Nimwambie ni kufunga? Kinywa kitupu
toka alfajiri hadi magharibi?
Unamwambiaje hivyo mtu anayeishi kwa kuuza mikate?
Nikasema: ni kitunguu. Kile kidogo, kikali,
kinachobaki vidoleni.
Akacheka mpaka akaweka kisu chini,
akamwita mkewe, Halina, kwa Kipolandi,
naye akaja na bakuli, akanipakia thomu iliyopondwa
vijiko viwili, bila kuniuliza.
Usiku ule wazee walinigeuzia nyuso ukutani.

Wiki iliyofuata nilikuwa ubaoni,
chini ya Padri, herufi zimepinda.

Kisha mwezi ukaandama, Februari, katikati ya baridi.
Jumamosi nikapita pale, tumbo kimya,
kioo kimefuka mvuke, foleni ile ile,
na mlango ulipofunguka nikasikia mtu akipaza sauti:
Nipe Saumu mbili!

Nikahesabu kwa vidole ndani ya glavu.
Kweli, mbili.
Zimebaki ishirini na nane,
mwezi ukitimia.