Siku ya Tano

Nolberto ananuka mafuta ya manyoya.
Tangu alfajiri amenyoa kondoo tisini,
kisha akapanda basi hadi hapa, Punta Arenas,
na upepo wa mlango wa bahari umemvua kofia.
Sindano inapoingia anageuza uso:
mtu anayeshinda na michubuko ya kondoo mikononi
hataki kuiona damu yake.

"Ni nyingi?"
"Haifiki nusu lita."
"Aa, kikombe changu cha chai tu!"

Nampa juisi na biskuti, namvua jina.
Kuanzia hapa yeye ni mistari myeusi
kwenye karatasi ya kunata.

Mashine inazunguka,
sakafu inanguruma chini ya viatu vyangu.
Ikitulia, damu imekwisha kugawana nyumba:
juu maji ya rangi ya asali changa,
chini wekundu mzito,
na katikati utando, kama ngozi ya maziwa,
ukipepesa macho umeukosa.

Utando huo ndio unaoninyima usingizi.
Maji hugandishwa, yakakaa mwaka mzima kama jiwe.
Wekundu huvumilia wiki sita kwenye jokofu.
Lakini chembe sahani, mafundi wa kuziba nyufa,
zina siku tano tu,
na hazitaki baridi, hazitaki utulivu:
usiku kucha chombo kinazipembeza,
kwenda, kurudi, kwenda, kurudi,
kama mtoto aliyekataa kulala.

Majibu ya vipimo ni safi.
Wekundu uliondoka usiku wa tatu, mbio,
kwa mama aliyejifungua na damu ikakataa kukoma.
Nasikia alipozinduka alidai nyama ya kondoo,
tena ya mbavu.
Wauguzi walicheka. Mimi nilikohoa.

Siku ya tano. Simu kimya.
Ningeombaje ilie?
Ikilia, kuna mtu anavuja mahali.
Saa sita usiku nilikizima chombo,
nikautia mfuko kwenye pipa la manjano,
nikasimama pale, mikono mitupu,
nikisikia upepo kwa mara ya kwanza wiki ile.

Leo, miezi minne imepita, kofia ni mpya,
harufu ni ileile.
"Yasna, ile damu yangu ilifika?"
Sheria hainiruhusu kusema kwa nani,
wala hajauliza kama ilifika yote.
Nafunga mpira juu ya kiwiko, natafuta mshipa.
"Ilifika," nasema. "Kunja ngumi."